Kimrija cha Ng'ombe Mkononi Mwangu

Mdogo wangu wa kiume alipopata dhahabu, kitu cha kwanza kumpotea kilikuwa shikamoo.

Kabla ya hapo alikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto na adabu. Akinikuta mimi, dada yake niliyembeba mgongoni kule kwetu Runzewe, alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniamkia. Kisha duara lake kule Nyarugusu likatema, ndivyo wachimbaji wanavyosema shimo likianza kutoa mali, na salamu yake ikawa kunyanyua kidevu. Siku moja alipita kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa mtaani Kambarage, akashusha kioo cha gari na kusema "marahaba" kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimebana pini tatu kwa midomo, kwa hiyo nilinyamaza.

Cha pili kumpotea zilikuwa sugu za viganja. Zile alizozipata kwa miaka mingi ya nyundo na kamba ya kushukia shimoni zilibanduka moja moja, mkono ukawa laini kama wa mtoto aliyetoka kuoga. Mama yetu, ambaye amelima mihogo maisha yake yote, aliushika Krismasi moja akashtuka, akamuuliza mwanawe kama anaumwa.

Halafu akajenga. Nyumba ilikuwa na milango ya vioo kutoka sakafuni hadi juu, mbele na nyuma, katikati ya mji ambao mashine za kusaga mawe zinarusha vumbi kuanzia asubuhi. Nilimshonea mapazia ya kitambaa kizito cha kahawia, zawadi ya dada. Akayapapasa, akayasifu, akayakunja na kuyafungia kabatini.

"Dada, nikiweka pazia, watu watajuaje kwamba ni kioo?"

Naomba msomaji aiweke sentensi hiyo pembeni. Mimi huikumbuka kila ninapofunga kifungo.

Siku ya kuifungua nyumba kulikuwa na mahema, spika, padri na kwaya. Mlango wa mbele ulifungwa utepe mwekundu uliomsubiri mgeni rasmi, ambaye, kama wageni rasmi wote, alikuwa njiani anakaribia tangu saa nne asubuhi. Huko nyuma wifi yangu alikuwa amewasimamia watu wawili wafute mlango wa kioo mpaka usionekane. Waliifanya kazi yao vizuri mno. Nilitoka jikoni nimekumbatia hotipoti la pilau, nikaona ua, nikaona watu, nikaona hewa, nikaingia kwenye hewa. Hewa ikavunjika.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ni ya mdogo wangu: "Kioo changu!" Ya pili ni ya mke wake: "Pilau!" Damu yangu ilitajwa ya tatu.

Sitaki kumwonea. Alipoiona damu inavyoruka kutoka kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, alilia kweli, akakimbia mbele, akaunyofoa ule utepe wa sherehe na kunifunga nao kwa nguvu zake za zamani. Utepe huo ndio ulionizuia kufa. Mgeni rasmi alipofika na mkasi wake juu ya sinia, hakukuta cha kukata, ikabidi watandaze mlangoni kanga ya wifi, mgeni aikate hiyo. Kanga ilikuwa mpya. Hilo nalo nililaumiwa.

Kwenye zahanati walinishona ngozi. Mimi ni fundi, mishono naijua, na ule ulinyooka. Shida ni kwamba walishona kitambaa cha juu, bitana ikabaki imekatika. Kidonda kilipona, vidole havikupona. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vyangu kwa kuvitazama tu. Nikivigusa, ni kama nagusa vidole vya mtu aliyelala.

Watu hudhani fundi cherehani anashona kwa macho. Macho ni ya kumtazama mteja anayesema hajanenepa. Kazi yenyewe iko kati ya gumba na kidole cha shahada: hapo ndipo unapojua kitambaa kitavutika au kitagoma, pindo ni moja au zimeingia mbili, sindano imefika wapi chini ya nguo. Nimeishi kwa vidole hivyo tangu nikiwa msichana. Sasa pini zikawa zinaniponyoka, vifungo vinakimbia, na wateja wanaanza kupitia upande wa pili wa barabara wakinipungia kwa huruma.

Siku moja nilikuwa nanyoosha gauni la bibi harusi kwa pasi ya mkaa. Nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma. Nikainua kichwa kuangalia ni jirani gani anachoma nyama saa tano asubuhi bila kunikaribisha. Halafu nikatazama chini, nikaona kidole gumba changu kimeegemea pasi, kimetulia kabisa. Nililia siku hiyo, na sikulia kwa maumivu. Maumivu ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Mdogo wangu alinipeleka hospitali kubwa, kwa daktari bingwa mwembamba anayeongea polepole. Daktari akanichoma na ncha ya kalamu huku na huku, akaniuliza nahisi wapi, kisha akachora.

"Mshipa wa fahamu ulikatika, mama. Ncha zake zimejivuta, kila moja kwake, na katikati pameachwa pengo. Tunaweza kutoa mshipa mwingine mguuni tukauweka hapo, mguu ukabaki na ganzi kidogo. Au, kwa pengo dogo kama lako, tunaweka kimrija. Ncha moja inaingia huku, nyingine huku, na mshipa unaota ndani yake mpaka uvuke."

"Na kimrija?" nikauliza.

"Kikimaliza kazi kinayeyuka chenyewe."

Mdogo wangu, aliyekuwa anachezea funguo za gari, akaacha kuchezea.

"Kinayeyuka kinakwenda wapi?"

"Mwilini."

"Mwilini wapi?"

"Mwili unakimeng'enya. Kinakwisha."

Alimtazama daktari kwa jicho lile analoutazamia mzani wa mnunuzi wa dhahabu. Huko machimboni kwao kitu kikiingia mahali na kisionekane tena, watu hawasemi kimeyeyuka. Wanaanza kupekuana mifuko.

"Daktari, kwa nini msitumie dhahabu? Dhahabu haiozi. Naileta mimi mwenyewe, safi."

"Kisichooza ndicho tusichokitaka, mzee. Kikibaki kitaubana mshipa. Tunataka kinachojua kuondoka."

"Na hicho mnachoweka kimetengenezwa na nini?"

"Aina yako hii, mama, ni protini iliyosafishwa. Inatoka kwa ng'ombe."

Hapo pakaharibika. Kwa watu wa kwetu unaweza kutaja dawa yoyote wakaitikia, lakini ukimtaja ng'ombe umefungua kikao. Mdogo wangu alitoka nje akampigia simu mama, mama akawaita wajomba, na simu ikawekwa sauti ya juu pale kwenye korido. Mjomba wa kwanza alitaka kujua ni ng'ombe wa rangi gani. Wa pili alisema ng'ombe wa kizungu hawavumilii kiangazi, kwa hiyo mkono wangu utasumbua kuanzia mwezi wa saba. Mama aliuliza kwa nini tukanunue ng'ombe wa dukani wakati zizini wapo. Mdogo wangu akarudi ndani na pendekezo la familia: achinjwe mmoja wa kwetu, hospitali ichukue inachohitaji, nyama iliyobaki tutajua wenyewe la kufanya. Daktari akashukuru kwa heshima zote. Mimi nikasema naomba kimrija.

Sikuwa jasiri. Daktari alikuwa ameniambia ukweli: wengine hurudishiwa karibu vyote, wengine nusu, wengine kidogo tu, na hakuna anayejua mapema yeye ni nani. Nilikuwa nimechoka kuungua bila kujua.

Wakati wa upasuaji nililala. Ni majuto yangu ya kifundi, maana niliambiwa daktari alishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwenye darubini, na mimi fundi mzima nilikuwa nakoroma. Niliamka mkono umefungwa kwenye kibao. Kabla hajaniruhusu alinipa maelekezo mawili. La kwanza, mshipa ukishashika njia hutembea karibu inchi moja kwa mwezi, kwa hiyo nisiwe na haraka. La pili, baadaye nitakuwa nagonga kwa kidole kidogo kidogo kutoka kwenye kovu kwenda mbele. Patakaponirusha kama nimeguswa na umeme, hapo ndipo mshipa ulipofika.

Inchi nilizielewa kuliko maneno mengine yote aliyosema. Nyumbani niliuweka mkono juu ya karatasi ya kaki ninayochorea michoro ya nguo, nikauzungushia penseli kwa mkono wa kushoto, nikaandika tarehe. Kila Jumapili baada ya misa niligonga, nikaweka alama ya chaki ya fundi pale uliponirusha. Jumapili ya kwanza alama ilikuwa kwenye kovu. Ya pili, kwenye kovu. Ya tatu, ya nne, ya tano, kwenye kovu. Chaki ilirundikana pale mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Wageni nao hawakukauka. Walikuja kunipa pole na kuomba kukiona kimrija. Niliwaambia kiko ndani. Waliniambia sawa, lakini kionekane kidogo. Jirani yangu muuza karanga alikaa na mkono wangu mapajani kama dakika kumi, akitega sikio, akaniambia hasikii ng'ombe.

Ndipo mdogo wangu akaja na ditekta. Ni ile mashine yenye mpini mrefu na sahani chini, wanayotembeza juu ya ardhi na inalia ikinusa dhahabu. Alizivaa spika zake masikioni, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipapasia mashine juu ya mkono kutoka kiwikoni hadi kwenye kucha. Kibanda kilijaa watu, wengine wamesimama kwenye vitambaa vyangu. Mashine ilinyamaza. Akarudia. Ikanyamaza. Akaipandisha begani, kisha kichwani, ikapiga yowe kwenye pini ya nywele zangu.

Akavua spika taratibu. "Dada, mmeibiwa. Hamna kitu humo."

"Ni cha ng'ombe," nikamwambia. "Mashine hiyo umewahi kuona inamlilia ng'ombe?"

"Mashine hii haijawahi kunidanganya."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mimi nilijua kwa kichwa changu kwamba ananichekesha. Lakini nilikuwa na wiki tano za chaki zilizolundikana mahali pamoja, na mtu aliye katika hali hiyo huanza kuisikiliza hata mashine ya kijinga. Niliogopa. Nilianza kuwaza kwamba labda kweli daktari alinifunga bendeji juu ya hewa, kama ile hewa nyingine niliyoiamini nikiwa na pilau.

Mdogo wangu alikuwa na dawa yake. Alimjua mganga mmoja aliyemchanja chale kwenye vifundo vya mikono wiki moja kabla ya duara kutema, na kwa maoni yake dhahabu yote ilitokana na hizo chale. Miaka mingi ya kuchimba kabla ya hapo hakuihesabu. Mganga angenichanja mimi pia, palepale kwenye kovu, apake unga wake, vidole viamke. Nilikubali. Naliandika hili kwa aibu: mimi niliyecheka ditekta nilikubali wembe. Tukapanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata, na kwa hofu nikaacha kugonga mpaka siku hiyo.

Jumamosi asubuhi alikuja akapiga honi nje. Nilikuwa nimeshavaa. Nikaichukua ile karatasi ya kaki niikunje, niiwashie jiko, na kwa mazoea tu nikaigonga ile njia kwa mara ya mwisho. Kwenye kovu, umeme. Nikasogea mbele, nusu inchi, nikatarajia ukimya. Ukanirusha. Nikasogea tena, mpaka karibu na shina la kidole gumba. Ukanirusha mpaka nikapiga kelele.

"Mayu wane!" Nilimwita mama yangu kwa Kisukuma.

Nje honi ikalia. Nilichukua futi, nikapima mara tatu, kwa sababu fundi hapimi mara moja. Inchi moja kasoro kidogo. Nikatoka na karatasi.

"Nenda kamwambie mganga wako mshipa umefika hapa."

Akaitazama. "Hii ni karatasi tu."

"Ndiyo. Ni karatasi."

"Dada, mtu ameshatengeneza dawa. Utaniaibisha."

"Akuchanje wewe tena. Labda duara litatema mara mbili."

Nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya niwe na mdomo mchafu. Aliwasha gari, akaondoka bila kuniaga, na hakukanyaga Kambarage kwa zaidi ya mwaka. Kwenye simu alikuwa mfupi. Biashara nzuri, watoto wazima, tunamshukuru Mungu.

Alama za chaki zilianza kutembea. Zilivuka kiganja, zikapanda vidole, nyingine mbele, nyingine zikichelewa. Kimrija, kwa hesabu za daktari, kilikuwa kinajimaliza huko ndani wakati huohuo, bila kuaga na bila mtu kukiona. Hisia zenyewe ziliporudi zilirudi zimechanganyikiwa. Nikiguswa gumba, nahisi kidole cha kati. Nikishika cha kati, kinaitika cha shahada. Daktari alisema mshipa umeota lakini nyuzi zimeingia vyumba vya wenzao, sasa inabidi kichwa kijifunze upya nani anakaa wapi. Akanipa zoezi: nifumbe macho, nipapase vitu vidogo, nivitaje.

Kwa hiyo kila alasiri nilikaa kwenye mkeka mbele ya kibanda na ungo wenye mahindi, choroko, mchele na karanga, macho nimefumba, vidole vinatembea, midomo inataja. Choroko. Choroko. Mchele. Hapana, karanga.

Yeyote aliyekulia usukumani anajua nilionekana nafanya nini. Siku ya tatu alikuja mama mmoja na kuku mwekundu, akapiga magoti mbali kidogo, akasema ameibiwa baiskeli, anaomba nimtazamie. Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo. Akasema anajua, wakubwa hawajitangazi. Akaondoka, kuku akamwacha palepale. Siku ya tano walikuwa watatu. Jumapili katekista alinifuata baada ya misa kwa uso wa huzuni, kwa sababu kanisani nilikuwa na oda ya majoho ya kwaya na haifai malaika wavalishwe na mpiga ramli. Nilimkalisha mkekani, nikamfumba macho kwa kitambaa, nikamwambia atenganishe choroko na kunde. Akashindwa. Alijaribu tena, jasho likamtoka, akashindwa. Alinyanyuka akaniambia niendelee na majoho. Yule wa baiskeli alikuja baadaye kushukuru kwamba imepatikana. Wabeja sana, akasema, na sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Juzijuzi, alasiri, mdogo wangu alitokea. Hakuja na gari. Alisema liko gereji. Alisimama mlangoni mikono mifukoni, akanyanyua kidevu, akaweka chini mfuko wa salfeti. Ndani kulikuwa na mapazia yangu ya kahawia, mikunjo ileile niliyoipiga mimi.

"Naomba uyapunguze," akasema. "Vioo vile tumevichoka, vinaleta joto. Tunaweka madirisha madogo, ya kisasa."

"Ukubwa gani?"

Akanitajia. Yalikuwa madirisha ya chumba cha kupanga. Nikaandika vipimo, sikuuliza. Nilidhani labda kweli ni mtindo, maana matajiri huwa na mitindo. Akauliza mkono unaendeleaje. Aliuliza akitazama barabarani.

"Njoo uujaribu," nikamwambia, nikaunyoosha.

Alichelewa kuutoa wake mfukoni. Alipoutoa, aliutoa nusu, akagusa vidole tu, akataka kuurudisha. Nikaushika. Gumba langu likapita juu ya kiganja chake, na halikuniambia cha kati wala cha shahada. Likaniambia malengelenge mawili mapya, moja limepasuka. Likaniambia sugu changa inaota juu ya sugu ya zamani, na chini yake mstari mkavu wa kamba ya kushukia shimoni. Mtu mwenye duara hashuki kwa kamba. Anayeshuka ni kibarua wa duara la mtu mwingine.

Nilihisi kila kitu, kwa vidole vyangu, na nilitaka kulia kwa mambo mawili kwa pamoja.

Akaniona uso. Akajua. Akaacha kuuvuta mkono.

"Dada," akasema, sauti imeshuka. "Vinahisi?"

"Vinahisi."

Bodaboda zikapita nyuma yake. Kisha mkono wake wa pili ukatoka mfukoni, ukaja juu ya wangu, na kichwa kikainama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," nikasema, nikaendelea kumshika.